Jinsi ya kutengeneza vifaa vya kubeba na kupindua bodi ya boti bila kuiumiza

Bodi ya kwanza niliyoiona ikivunjika haikuvunjikia ziwani. Ilivunjikia karakanani, juu ya sakafu kavu. Ilikuwa ya faiba, mita 9, imetoka kwenye moldi (kalibu inayoipa umbo) jana yake, na ilitakiwa ipinduliwe ili tumalizie tumbo. Walikusanywa vijana 18, wengine tuliwaomba kwa wapakiaji mizigo pale Kibirizi. Kila mmoja akashika ukingo, mmoja akahesabu moja, mbili, tatu. Wa mbele wakanyanyua kwenye mbili. Wa nyuma walisubiri tatu. Bodi ikajinyonga kama nguo inayokamuliwa, ikalia kama kuni kavu, na kwenye kona ya ubavu ukafunguka ufa wa urefu wa kiganja. Kijana mmoja alibanwa mguu, akakaa nyumbani wiki tatu.

Watu walilaumiana siku nzima kuhusu nani alihesabu vibaya. Mimi niliondoka na somo jingine. Bodi ile ikikamilika, ikiwa na dawati (sitaha ya juu), mataruma (mbavu) na viambaza (kuta za kukingama) vya ndani, ingepigwa na mawimbi ya Tanganyika miaka na miaka isitikisike. Siku ile ilikuwa bado ni ganda tu, kama boksi lisilo na mfuniko. Kifaa cha kubebea lazima kipangwe kwa ajili ya bodi jinsi ilivyo siku hiyo, changa na legelege, wala si kwa boti itakayokuja kuwa.

Mwongozo huu ni wa karakana ndogo na za kati za hapa Kigoma, zinazotengeneza boti za faiba au za mbao kati ya mita 6 na 12. Mfano nitakaoutumia ni bodi ya faiba ya mita 9, upana mita 2.4, kina mita 1.2. Kama yako ni tofauti, njia ya hesabu ni ile ile.

Kabla ya kuchora chochote, punguza kunyanyua

Kaa na karatasi uorodheshe kila mara bodi itakaposogezwa toka siku ya kwanza hadi igusane na maji. Karakana nyingi zikifanya hivyo kwa ukweli hukuta mara saba au nane, na nusu yake hazina sababu. Bodi inanyanyuliwa kutoka kwenye moldi kwenda chini, kutoka chini kwenda kwenye stendi, kutoka stendi kwenda kona nyingine kwa sababu moldi imezuia njia. Panga karakana ili kazi ielekee upande mmoja, moldi ikiwa ndani kabisa na mlango ukitazama ziwani. Bodi ikitoka kwenye moldi ikae kwenye kitanda chenye magurudumu na isishuke tena mpaka majini, isipokuwa wakati wa kupinduliwa.

Walioijenga Liemba walilijua hili. Meli ile ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kusafirishwa ndani ya maelfu ya makasha kwa meli hadi Dar es Salaam, kisha bara hadi Kigoma. Vipande viliunganishwa ufukweni, na Februari 5, 1915 meli nzima ikashushwa majini. Kilichobebwa njia nzima kilikuwa kasha na bamba moja moja. Chombo kizima kilisogea mara moja tu, kuelekea majini. Nasi mafundi wa mbao wa Ujiji na Katonga tunajenga pale pale pembeni ya maji kwa akili hiyo hiyo.

Jua uzito, usibahatishe

Hesabu ya uzito wa faiba ni rahisi. Chukua eneo la ganda kwa mita za mraba, zidisha kwa unene wa wastani kwa mita, zidisha kwa 1,500, maana mita moja ya ujazo ya faiba iliyopakwa kwa mkono ina uzito wa karibu kilo 1,500. Bodi yetu ina eneo la kama mita 30 za mraba na unene wa wastani wa milimita 8:

30 × 0.008 × 1,500 = kilo 360.

Ongeza mataruma, mihimili ya urefu, ukingo na kiambaza cha injini, tuseme kilo 140. Inakuwa 500. Sasa ongeza asilimia 20 kwa sababu mkono wa fundi unapenda rezini (gundi inayogandisha faiba), hasa kwenye kona na tumboni inakochuruzikia. Tunafika kilo 600. Hiyo 600 ndiyo nitakayoitumia kukokotoa bodi, lakini vifaa vyote nitavitengeneza kwa tani 1, kwa sababu mwaka ujao atakuja mteja anayetaka boti kubwa kidogo na hakuna atakayekumbuka hesabu za leo.

Kwa boti ya mbao tahadhari ni moja. Mninga mkavu una uzito wa karibu kilo 640 kwa mita ya ujazo, lakini mbao mbichi iliyoletwa masika ni nzito kuliko hapo kwa kiasi kikubwa. Pima kipande kabla ya kuamini kitabu.

Ukishindwa kununua kitu kingine chochote, nunua mizani ya kuning'inia ya tani 1 au 2. Inakaa kati ya kulabu na mzigo. Itakuambia uzito wa kweli, na zaidi ya hapo itakuambia pale kitu kilipokwama, jambo ambalo nitalirudia.

Tafuta katikati ya uzito

Bodi haina uzito sawa mbele na nyuma. Nyuma kuna kiambaza cha injini, mbele ni nyembamba. Ukiweka mikanda katikati ya urefu kwa macho, upande mmoja utaanguka mara tu utakapoiacha ardhi.

Fanya hivi. Laza kipande cha bomba chini ya mkuku (uti wa chini wa bodi), nyuma, kiwe kama egemeo. Mita 6 mbele yake funga mkanda na mizani, nyanyua sentimita 5 tu. Soma. Kama bodi yote ni kilo 600 na mizani inasoma 230, basi katikati ya uzito iko umbali huu kutoka kwenye bomba:

230 × 6 ÷ 600 = mita 2.3.

Piga alama kwa rangi pande zote mbili za ukingo, mstari mfupi mweupe usiofutika hadi boti iishe. Mikanda miwili ya kunyanyulia ikae umbali sawa kutoka kwenye alama hiyo, na ikiwezekana iangukie mahali penye kiambaza au taruma. Pale penye ganda tupu pataingia ndani kama bati.

Kimo cha katikati ya uzito kutoka chini nacho kinahitajika, kwa ajili ya kupindua. Kwa bodi isiyo na dawati huwa chini ya nusu ya kina. Kwenye mfano wetu nitakadiria sentimita 50 kutoka kwenye mkuku, halafu nitaacha nafasi ya kurekebisha.

Kuitoa kwenye moldi

Hapa ndipo mizani inapolipa gharama yake. Bodi iliyonata kwenye moldi haina uzito wa kilo 600. Hewa haipiti chini yake, kwa hiyo inanyonya kama kikombe kilichogeuzwa kwenye maji. Mtu akiendelea kuvuta cheni, nguvu inapanda hadi kitu kimoja kiachie ghafla: aidha bodi inaruka, au sikio la kunyanyulia linang'oka na kipande cha ganda.

Kwanza iache ikauke kweli. Joto letu la Kigoma linasaidia, lakini rezini iliyowekewa hadna (dawa ya kuigandisha) kidogo hubaki laini ndani hata kama juu imekauka. Mimi siitoi kabla ya kulala nayo usiku mmoja, na kama matabaka ni mengi nalala nayo mbili. Kabla ya kutoa, funga mbao za kukingama kutoka ukingo hadi ukingo, angalau tatu, zishikwe kwa bolti au kwa vibanio. Bila mbao hizo bodi ikitoka itafunguka mbavu, na dawati halitakaa tena.

Kisha piga kabari za mbao laini au plastiki kuzunguka ukingo wote, kidogo kidogo, ukizunguka na kurudi. Mwaga maji kwenye mwanya unaofunguka, yanashuka, yanasukuma. Kama wakati wa kutengeneza moldi uliacha tundu la hewa pale chini, puliza kwa kompresa kwa shinikizo dogo. Cheni ivutwe hadi mizani isome nusu ya uzito, halafu subiri na urudi kwenye kabari. Mizani ikizidi uzito uliokokotoa kwa robo, acha kuvuta. Bado imenata mahali, nenda ukapatafute.

Masikio ya kunyanyulia yasiwekwe kwenye ganda tupu. Yafunge kwenye mbao zile za kukingama au kwenye kiambaza cha injini, yakiwa na bamba la chuma upande wa pili ili bolti isipite kama sindano kwenye kitambaa.

Mikanda, na kwa nini pembe inaua

Tumia mikanda bapa ya kunyanyulia, ile ya kiwandani yenye lebo. Rangi yake inasema uwezo: zambarau tani 1, kijani tani 2, njano tani 3. Mikanda hiyo hutengenezwa ikiwa na nguvu mara 7 ya inavyoandikwa, na hiyo akiba si yako ya kutumia. Ni ya kufidia jua, mchanga, na ule msuko uliokatwa na ukingo mkali ambao hukuuona. Kamba ya manila na waya wa chuma viache kwa kazi nyingine. Waya unakata gelikoti (tabaka laini la nje la bodi), na kamba hakuna ajuaye imebaki na nguvu kiasi gani.

Sasa pembe. Kila mkanda unabeba kilo 300, una miguu miwili, kila mguu kilo 150 kwenda juu. Kama miguu yote miwili inaelekea kwenye kulabu moja na imelala kwa nyuzi 30 kutoka usawa wa ardhi, kila mguu unavutwa kwa kilo 300, na ukingo wa bodi unasukumwa kuelekea ndani kwa kilo 260. Kila upande. Ikiwa nyuzi 60, mvuto unashuka hadi kilo 173 na msukumo wa ndani hadi 87. Bodi isiyo na dawati haiwezi kukaa na kilo 260 kwenye ukingo.

Dawa ni kitanuzi, bomba la chuma refu kuliko upana wa bodi, kwa hapa mita 2.6, ili mikanda ishuke wima pembeni bila kuigusa kingo. Bomba la inchi 2 lenye ukuta wa milimita 3.5 linatosha kama linasukumwa tu kutoka ncha zote mbili, yaani limeshikwa kwa miguu miwili inayotoka kwenye kulabu hadi kwenye ncha. Usilinyanyue kwa kulishika katikati. Hapo linakuwa boriti ya kupinda na hesabu yote inabadilika.

Tatizo letu ni paa. Kitanuzi cha mita 2.6 chenye miguu ya nyuzi 45 kinakula mita 1.3 za kimo. Ongeza kina cha bodi mita 1.2, kitanda sentimita 60, cheni bloku (kapi la cheni la kunyanyulia) yenyewe sentimita 40: boriti lazima iwe mita 3.5 kutoka sakafuni. Karakana zilizoezekwa kwa haraka hazifiki hapo. Kama yako ni fupi, acha kitanuzi, weka cheni bloku mbili kwenye boriti ile ile, moja kila upande wa bodi, zikiwa na umbali wa mita 2.6. Boriti yenyewe ndiyo inageuka kitanuzi. Unahitaji cheni bloku nne kwa bodi nzima, lakini utafurahi nazo wakati wa kupindua.

Gantri

Gantri ni lango la chuma lenye miguu na magurudumu. Tengeneza mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Usitegemee mbao za paa, hata kama ni nene kiasi gani; zilipigiliwa zishike bati.

Upana wa ndani, mita 4. Kila gantri ibebe tani 1 peke yake ingawa kwa kawaida itabeba nusu ya bodi, kwa sababu gantri moja ikipanda haraka kuliko nyingine mzigo unahama. Ongeza nusu kwa ajili ya mtikisiko na uzito wa cheni bloku: kilo 1,500 katikati ya boriti.

1,500 × 4 ÷ 4 = kilo-mita 1,500 (kilo mara mita, si kilomita), yaani kilo-sentimita 150,000.

Chuma cha kawaida tukipe kilo 1,000 kwa sentimita ya mraba, ambayo ni chini ya nusu ya kile kinachokifanya kianze kupinda moja kwa moja. Gawanya: 150. Hicho ndicho kipimo cha uimara wa boriti kwa sentimita za ujazo, na kwenye jedwali la muuza vyuma kimeandikwa. IPE 180 (boriti ya umbo la herufi I, kimo milimita 180) ina 146, inakaribia lakini haifiki. IPE 200 ina 194. Chukua IPE 200. Itakuwa na kilo 22.4 kwa mita, watu wanne wanaiweka juu bila shida, na kwa mzigo wa tani 1 itashuka katikati kwa milimita 3 na kitu. Nakili hesabu hii ukutani. Atakapokuja mtu na reli kuukuu iliyookotwa akisema "hii nene inatosha," mwonyeshe.

Miguu iwe na umbo la herufi A, tako lake lisipungue mita 1.5 kwa boriti iliyo mita 3.5 juu. Kona kati ya boriti na mguu zifungwe vipande vya mshazari pande zote mbili. Viungo vikubwa vitumie bolti ili gantri ifunguke na kuhamia ufukweni, na pale penye kuchomelea mtafute aliyepita chuo cha ufundi cha VETA au mwenye mkono uliothibitika. Mshono mzuri kwa macho si lazima uwe umeshika ndani.

Magurudumu ni ya kusogeza gantri tupu. Wakati wa kunyanyua, miguu ikae juu ya skrubu za kuteremshia au vipande vya mbao ngumu. Gantri inayotembea na mzigo kwenye sakafu yenye nyufa ni ajali inayotafuta saa yake.

Kitanda cha magurudumu

Nimetumia muda mrefu kwenye kitanda kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu ndicho kinachokaa na bodi wiki sita wakati kulabu inakaa nayo dakika kumi. Bodi changa ikilala vibaya wiki sita inachukua umbo la malazi yake. Utaona ukishaipiga rangi: mikunjo miwili tumboni pale penye stendi, na hakuna msasa utakaoitoa.

Weka vituo vitatu, kila kimoja chini ya kiambaza au taruma. Uzito wote ulale kwenye mkuku, juu ya gogo la upana wa sentimita 15 hivi. Mabawa ya pembeni kazi yake ni kuzuia bodi isiegemee. Kupata umbo la bawa, kata kadibodi ukiibana kwenye bodi yenyewe ikiwa bado inaning'inia kwenye mikanda, hamishia kwenye plaiwudi ya milimita 18, kisha punguza milimita 20 kuzunguka mstari wote ili kupata nafasi ya raba na kapeti. Kapeti ya nyumbani inafaa, ila iwe kavu. Ikilowa mvua ya Machi na kukaa, inaacha madoa kwenye gelikoti.

Fremu ya chini ndiyo inayowashinda wengi. Ukiiwekea magurudumu manne na sakafu haijanyooka, gurudumu moja litaning'inia, fremu itajinyonga, na bodi itajinyonga nayo. Ni ule ule mkosi wa vijana 18, ila sasa unatokea polepole bila kelele. Angalia trekta: ekseli ya mbele haikufungwa imara, inayumba juu ya pini moja katikati. Fanya hivyo hivyo. Magurudumu mawili ya nyuma yafungwe kwenye fremu, ya mbele yawe kwenye ekseli yenye pini, na uchomelee vizuizi viwili ili isiyumbe zaidi ya nyuzi 5 kila upande. Sakafu itapanda na kushuka, bodi haitajua.

Kitanda na bodi vitakuwa kama kilo 800, na boti ikishafungwa injini tuseme 1,300. Usigawanye kwa nne. Ipo siku mawili yatabeba yote, hivyo kila gurudumu liwe na uwezo wa kilo 650 au zaidi. Kwa sakafu ya zege gurudumu gumu la kipenyo cha sentimita 20 linatembea vizuri. Kwa udongo na mchanga tumia la mpira lenye upepo, pana kadiri utakavyopata. Matairi ya gari dogo yaliyochakaa yanafanya kazi hii kwa heshima.

Umbali kati ya gurudumu la kulia na la kushoto uwe mita 1.6 au zaidi. Kama katikati ya uzito iko mita 1.2 juu ya sakafu, kitanda kitahimili kuinama zaidi ya nyuzi 30 kabla hakijaanguka, na ile ekseli ya mbele inapunguza kidogo akiba hiyo. Vuta kwa kamba iliyofungwa chini kwenye fremu. Anayesukuma kwenye ukingo wa boti anasukuma mahali pa kuiangusha.

Kupindua

Zipo njia mbili. Ya mikanda ni hii: mikanda miwili iliyoungana kama duara, kila mmoja unazunguka bodi na kuning'inia kwenye cheni bloku mbili za gantri moja. Upande mmoja unashushwa huku mwingine ukipandishwa, bodi inabingirika ndani ya mikanda. Inafaa kwa bodi nyepesi, lakini kuna sekunde moja, pale inapopita wima, ambapo inateleza na kujikita ghafla. Nimeifanya mara nyingi, na kila mara nilishika pumzi.

Kwa kazi ya mfululizo tengeneza pete. Ni duara mbili za chuma zinazoifunga bodi na kuzunguka juu ya roli nne zilizo sakafuni. Ukubwa wake: kutoka katikati ya uzito hadi kona ya ukingo ni kama mita 1.4 kwa bodi yetu, kwa hiyo nusu kipenyo cha ndani kiwe mita 1.5, ibaki sentimita 10 za kuwekea mbao na raba. Kila pete ikatwe nusu mbili zinazofungwa kwa bolti, ili nusu ya chini iingie chini ya bodi ikiwa juu ya gantri.

Kitovu cha pete kiangukie kwenye katikati ya uzito. Hapo ndipo kila kitu kinapokuwa rahisi au kibaya. Ukikosea kwa sentimita 15, mzigo wa kilo 600 unataka kujigeuza kwa kilo-mita 90. Pembeni ya pete hiyo ni kama kilo 60 za kushikilia. Watu wawili wanaimudu. Ukikosea kwa sentimita 40 ni kilo 160, na hapo pete itawakimbia. Kwa hiyo acha matundu marefu kwenye vishikio, funga bodi, zungusha nyuzi 10 tu, uone inataka kwenda wapi, rekebisha, rudia.

Pete mbili ziunganishwe kwa mabomba mawili marefu, au manne kama nafasi ipo. Usipofanya hivyo, ukisukuma pete ya mbele, kinachoizungusha ya nyuma ni bodi yenyewe, nawe umerudi kule nilikoanzia. Weka tundu la pini ya kufungia kila baada ya nyuzi 30 na mtu mmoja ambaye kazi yake ni pini tu. Kamba mbili zizungushwe kwenye nguzo, moja ya kuvuta na moja ya kuzuia, na mikono isiguse pete kamwe. Kati ya pete na roli hakuna nafasi ya kidole.

Kwa pete zinazobingirika moja kwa moja sakafuni bila roli, kumbuka nusu mzunguko inakula mita 4.7 za nafasi.

Kuelekea majini

Sehemu hii ni fupi kwa sababu hesabu ni moja. Boti iliyofungwa injini pamoja na kitanda, tuseme kilo 1,300, kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 8. Juu ya zege, kuirudisha juu kunahitaji karibu kilo 200 za mvuto. Juu ya mchanga ni kama kilo 490. Winchi ya tani 1 yenye breki inayojishika yenyewe inatosha kote kuwili. Wakati wa kushuka winchi ndiyo breki, kwa hiyo iwe imefungwa kwenye zege au kwenye nguzo iliyozikwa, si kwenye mwembe. Na usijenge mteremko wa kudumu karibu sana na maji ya leo. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na 2021 lilimeza fukwe ambazo watu waliziona kuwa kiwanja.

Kamba ikikaza, hakuna anayesimama kwenye mstari wake, mbele wala nyuma. Nailoni ikikatika inarudi kama fimbo.

Jaribu kabla ya kuamini

Kifaa cha tani 1 kijaribiwe kwa kilo 1,250. Hupati mzigo huo? Madramu 5 ya lita 200 yaliyojaa maji ni kilo 1,000, chuma cha madramu kama 100, mifuko 3 ya saruji ni 150. Yapange kwenye jukwaa, nyanyua sentimita 10 tu, acha dakika 10. Kabla ya hapo vuta uzi chini ya boriti kutoka ncha hadi ncha na upime umbali katikati. Pima tena ikiwa na mzigo, na mara ya tatu baada ya kushusha. Kwa IPE 200 tarajia kama milimita 4. Baada ya kushusha irudi ilikokuwa. Ikibaki imepinda hata milimita moja, kuna kitu kimeachia. Piga brashi ya waya kwenye kila mshono na uangalie kwa tochi. Halafu andika kwa rangi kubwa ubavuni TANI 1, na tarehe.

Vifaa vya kunyanyulia vinakaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Daftari lenye hesabu zako, tarehe za majaribio na picha za mishono litakurahisishia siku hiyo sana.

Siku ya kazi, sauti ni moja. Mtu mmoja anaamuru, hashiki cheni, anasimama anapoona mbele na nyuma. Nyimbo za kuvutia wavu ni nzuri kwa wavu, kwa sababu zinawafanya watu watoe nguvu zao zote kwa pamoja. Kwenye cheni bloku tunataka nguvu ndogo, sawa, inayoweza kusimama katikati ya neno. Neno la kusimamisha liwe la kila mtu, hata kijana aliyeanza kazi jana. Akisema "simama," mnasimama, mnaulizana baadaye.

Kila asubuhi pitisha mikanda mkononi, sentimita kwa sentimita. Iliyokatwa ukingo, iliyoungua, iliyolowa rezini ikawa ngumu, au iliyopoteza lebo, haifai tena. Usiitupe nyuma ya karakana ikiwa nzima. Ikate vipande vitatu papo hapo. Ukiiacha, jioni utaikuta imefungia mbuzi wa jirani, na baada ya mwezi kijana mwenye haraka ataifungua shingoni mwa mbuzi na kuirudisha kwenye kulabu.